NYARA ZA BAHARINI: SHAURI LA MERIKEBU ACTIVE

Wawindaji wana shauri lao la tangu zamani. Mtu mmoja amemchoma mnyama mkuki, naye mnyama akakimbia na jeraha lake; mtu wa pili akamkuta amechoka, akamwangusha. Je, nyama ni ya nani? Watu wa kila nchi wana desturi yao ya kulikata shauri hilo, na desturi hiyo ni kinga ya amani. Maana pasipo desturi, mikuki iliyomwua mnyama huweza kuwageukia wawindaji wenyewe.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu shauri la namna hiyo lililotokea baharini mwaka 1778, wakati watu wa Marekani walipoasi utawala wa Mfalme wa Uingereza. Mnyama wao alikuwa merikebu ndogo iitwayo Active. Wawindaji walikuwa mabaharia wanne wasio na mali, na kwa upande wa pili serikali ya jimbo zima. Mkubwa wa wale mabaharia alikuwa na umri wa miaka 29 shauri lilipoanza. Lilipokwisha alikuwa na miaka 60. Lakini kabla hatujafika huko, yafaa tueleze kwanza jinsi watu wa nchi ile walivyopigana vita baharini, na jinsi walivyogawana walivyoviteka.

Vita vilianza mwezi wa Aprili 1775, katika koloni la Massachusetts. Makoloni yaliyoasi yalikuwa 13, nayo hayakuwa na manowari hata moja, hali Mfalme alikuwa na jeshi la maji lenye nguvu kupita yote duniani. Jemadari wao, George Washington, aliwazunguka Waingereza katika mji wa Boston, walakini baruti yake ilikuwa haba mno. Akaona kila siku merikebu zikiingia bandarini kuwaletea adui zake vyakula na silaha. Basi mwaka 1775 akakodi merikebu ya wavuvi iitwayo Hannah, akaitia mizinga, akawaambia mabaharia wake ya kuwa pamoja na mshahara watapata theluthi ya thamani ya shehena watakayoiteka.

Hazikupita siku nyingi Hannah ikarudi na merikebu iitwayo Unity. Mabaharia wakashangilia, kila mtu akihesabu fungu lake moyoni. Lakini ilipochunguzwa ikaonekana ya kuwa Unity ilikuwa mali ya John Langdon, mjumbe wa Baraza Kuu la waasi wenyewe. Waingereza walikuwa wameiteka siku chache kabla, na Hannah iliipokonya mikononi mwao. Washington akaamuru mwenyewe arudishiwe mali yake. Mabaharia wakakasirika, wakaasi, hata ikabidi watiwe nguvuni na kuhukumiwa. Basi tazameni: nyara ya kwanza ilileta ugomvi wa kwanza. Kuteka ni kazi ya saa moja. Kujua nani mwenye haki ya kilichotekwa ni kazi ndefu.

Ugomvi huo haukuwazuia. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule nahodha John Manley aliiteka Nancy, merikebu iliyochukua bunduki 2,000 kwa askari wa Mfalme. Watu wa pwani walipoona faida hiyo wakataka ruhusa ya kwenda kuteka kwa merikebu zao wenyewe, na viongozi wakaona ni vema. Massachusetts ilitunga sheria yake siku ya 1 Novemba 1775, na Baraza Kuu, liitwalo Kongresi, likatoa ruhusa kwa makoloni yote siku ya 23 Machi 1776.

Ruhusa hiyo iliandikwa katika hati, na hati hiyo ndiyo iliyompambanua mtekaji na mharamia. Mwenye hati alikuwa mtu wa vita. Asiye na hati alikuwa mwizi wa baharini, na malipo yake kitanzi. Mwenye merikebu alitakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 ikiwa merikebu haifikii tani 100, na dola 10,000 ikiwa inazidi. Aliagizwa asiwaue wala asiwatese watu aliowateka. Aliagizwa pia asiuze wala asigawe kitu kabla ya kuileta nyara mbele ya mahakama ya mambo ya bahari. Hakimu akihukumu ya kuwa ni mali ya adui kweli, ndipo inaponadiwa, na ndipo watu wanapogawana.

Mgawanyo wenyewe ulikuwa wa namna mbili, na tofauti yake ilileta taabu. Merikebu ikiwa ya serikali, mabaharia walipewa theluthi ya nyara, na theluthi mbili zikaenda katika hazina. Ila wakiteka manowari walipewa nusu. Mwezi wa Januari 1776 Kongresi iliamuru fungu hilo la mabaharia likatwe sehemu 20. Mkuu wa jeshi la maji apewe moja, nahodha mbili, maofisa wa daraja mbalimbali wagawane zao, na mabaharia wa kawaida wote pamoja wapate sehemu nane na nusu. Merikebu ikiwa ya mtu binafsi, serikali haikuchukua kitu. Desturi ilikuwa nusu kwa wenye merikebu na nusu kwa waliopigana.

Na tufanye hesabu, kama tufanyavyo shuleni. Nyara imeuzwa kwa dola 6,000. Katika merikebu ya serikali watekaji wanapata 2,000. Nahodha anachukua 200, na mabaharia wa kawaida wanagawana 850. Wakiwa 100, kila mmoja anapata dola nane na nusu. Katika merikebu ya mtu binafsi watekaji wanapata 3,000. Tena merikebu ya mtu binafsi haitafuti manowari ya kupigana nayo, bali hutafuta merikebu ya biashara iliyojaa sukari. Je, baharia maskini mwenye watoto atajiandikisha wapi? Wahenga wamesema, mgagaa na upwa hali wali mkavu. Watu wakaukimbilia upwa wenye samaki wengi, na manowari za serikali zikakosa watu. Kongresi ilijaribu kuwavuta mwezi wa Oktoba 1776 kwa kuwaongezea fungu hata nusu ya nyara za biashara na manowari nzima. Lakini mkondo haukugeuka. Katika miaka ya vita Kongresi ilitoa hati zipatazo 1,700, na jeshi la maji la serikali likazidi kupungua, hata merikebu yake ya mwisho ikauzwa mwaka 1785.

Tusidhani ya kuwa kazi hii ilikuwa ya utajiri tu. Waliokamatwa na Waingereza hawakuhesabiwa kuwa askari, bali waasi, na sheria ya mwaka 1777 iliruhusu wafungwe pasipo kuhukumiwa. Wengi walitiwa katika merikebu kuukuu iitwayo Jersey, iliyotiwa nanga karibu na New York. Humo, kwa njaa na ndui na homa, walikufa maelfu. Mmoja aliyetoka humo hai alikuwa James Forten, kijana mweusi huru wa Philadelphia, aliyeingia kazi ya kuteka mwaka 1781 akiwa na umri wa miaka 14. Alipokamatwa, hofu yake kubwa haikuwa gereza, bali kuuzwa utumwani katika visiwa vya West Indies. Nahodha wa Kiingereza alitaka kumpeleka Uingereza akakae na mwanawe. Forten akakataa kuiacha nchi yake, akapelekwa Jersey, akakaa miezi saba. Baadaye akawa fundi mkubwa wa matanga na tajiri, akaitumia mali yake kuupinga utumwa.

Hofu ya kijana yule ilikuwa na sababu. Watu weusi waliokutwa katika merikebu zilizotekwa mara nyingi walihesabiwa pamoja na magunia na mapipa, wakatiwa katika mnada. Mwezi wa Septemba 1776 watu wawili walioletwa hivyo walitangazwa kuuzwa katika mji wa Salem. Baraza la Massachusetts likakataza, likaamuru ya kuwa weusi watakaotekwa baharini na kuletwa huko wasiuzwe, bali watendewe kama wafungwa wengine wa vita. Lilikuwa neno jema, nasi twalitaja kwa heshima. Lakini lilikuwa neno la koloni moja. Mahali pengi watu waliopigania uhuru wao wenyewe waligawana bei ya watu wengine, wala mioyo yao haikuwashitaki.

Sasa tuje kwenye shauri letu. Gideon Olmsted alikuwa baharia wa Connecticut. Mwaka 1778 alikamatwa na Waingereza, akapelekwa kisiwa cha Jamaica. Huko yeye na wenzake watatu wa Connecticut, Artimus White, Aquila Rumsdale na David Clark, walitiwa kufanya kazi katika merikebu Active, iliyokuwa ikipeleka vitu kwa askari wa Kiingereza mjini New York. Basi walikuwa wakiwachukulia adui zao chakula, ili adui hao wapate nguvu za kupigana na ndugu zao.

Usiku wa 6 Septemba 1778 walifanya shauri. Nahodha na watu wake wengi walipokuwa chini wamelala, wale wanne waliufunga mlango wa kupandia sitahani, wakawafungia chini watu waliowazidi kwa hesabu. Waliofungiwa wakaupata usukani kwa ndani, wakaukaza kwa vigingi, hata merikebu isiweze kuongozwa. Wa juu hawawezi kwenda, wa chini hawawezi kutoka. Mwisho wale wa chini, kwa kuogopa mzinga na njaa, wakauachilia usukani, na Olmsted akaielekeza Active pwani ya New Jersey.

Siku ya 8 Septemba pwani ikawa karibu. Ndipo ilipotokea manowari ya jimbo la Pennsylvania, jina lake Convention, na pamoja nayo merikebu ya mtu binafsi iitwayo Gerard. Nahodha wa Convention akaichukua Active, akaipeleka Philadelphia, akadai ya kuwa ni nyara yake. Alisema wale wanne walikuwa hawajaishinda merikebu, maana wa chini walikuwa bado wakishindana nao; aliyemaliza kazi ni yeye. Olmsted akasema: Sisi tulikuwa tumekwisha kuishinda, tena tulikuwa tukiileta nyumbani. Wasomaji wamekwisha kulitambua shauri hili: ni lile la mkuki wa kwanza na mkuki wa pili.

Mahakama ya bahari ya Pennsylvania ilikuwa chini ya hakimu George Ross, pamoja na watu 12 wa mji waliochaguliwa kuamua mambo yalivyotukia. Watu hao 12 wakasema: Olmsted na wenzake wapate robo, robo tatu zigawanywe baina ya jimbo la Pennsylvania, mabaharia wa Convention, na wenye Gerard. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Sisi tukisoma hukumu hii twaikumbuka habari ya Daudi katika Samweli wa Kwanza. Watu 200 walichoka, wakabaki penye kijito cha Besori. Wenzao walioshinda hawakutaka kuwagawia nyara, lakini Daudi akaamuru fungu la aendaye vitani liwe sawa na la alindaye vyombo. Daudi aliangalia asidhulumiwe mnyonge. Huko Philadelphia mambo yaligeuka: waliohatarisha roho zao walipata kidogo, na waliokuta kazi imekaribia kwisha wakapata kingi, na mmoja wa waliopata alikuwa jimbo lenyewe lenye mahakama ile.

Olmsted akakata rufani kwa kamati ya Kongresi. Kwa kuwa hakuwa na fedha, alisaidiwa na jemadari Benedict Arnold, aliyekuwa akiushika mji wa Philadelphia wakati huo. Lakini Arnold hakusaidia bure, alipatana kupewa sehemu ya nyara. Huyu ndiye Arnold aliyewahamia Waingereza mwaka 1780, na jina lake likawa mfano wa uhaini. Kwa hiyo haki ya Olmsted ilipita katika mikono isiyo safi, na watu wa Pennsylvania, waliomchukia Arnold, wakaichukia na haki yenyewe. Jambo hili hutokea hata vijijini: neno la kweli likisemwa na mtu asiyependwa, wengi hulikataa kwa sababu ya kinywa kilichotoka.

Siku ya 15 Desemba 1778 kamati ilitoa hukumu: nyara yote ni ya Olmsted na wenzake. Hakimu Ross akajibu ya kuwa sheria ya jimbo lake hairuhusu maamuzi ya wale watu 12 yatenguliwe na mtu ye yote. Mwezi wa Januari 1779 Active na shehena yake zikauzwa. Kamati ilikataza fedha zisitolewe, lakini haikusikilizwa. Kongresi haikuwa na askari wa kulitia nguvu neno lake, wala haikutaka kugombana na jimbo kubwa katikati ya vita. Fungu la jimbo, zaidi ya pauni 11,000 za Pennsylvania, likatiwa mikononi mwa mtunza hazina David Rittenhouse, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya nyota. Rittenhouse alizishika hati za fedha hizo mwenyewe, akingoja kuona mambo yatakuwaje.

Vita vikaisha mwaka 1783. Ngoja ngoja huumiza matumbo: Olmsted akangoja. Lakini katika kungoja kwake nchi ilikuwa ikibadilika. Watu wake waliona ya kuwa majimbo 13 yenye mahakama 13, kila moja ikilipendelea jimbo lake, hayawezi kuwa taifa moja. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 iliyatia mashauri yote ya bahari katika mahakama za taifa. Mwaka 1795 Mahakama Kuu, katika shauri la merikebu nyingine iitwayo Lusanna, ilisema ya kuwa hukumu za rufani zilizotolewa na Kongresi wakati wa vita zilikuwa halali. Mwaka uliofuata Rittenhouse alikufa, akaacha zile hati kwa binti zake wawili, Elizabeth Sergeant na Esther Waters. Olmsted akapeleka madai yake upya, na mwezi wa Januari 1803 hakimu Richard Peters akahukumu alipwe.

Jimbo likakasirika. Mwaka ule ule baraza lake likatunga sheria ya kuwaamuru wale wanawake walipe fedha hizo katika hazina ya jimbo, na kumwamuru gavana awalinde wasilazimishwe na mahakama ya taifa. Hakimu Peters akaona akitekeleza hukumu yake huenda damu ikamwagika, akanyamaza. Basi Olmsted akapanda ngazi ya mwisho. Siku ya 20 Februari 1809 John Marshall, mkuu wa Mahakama Kuu, alimwamuru Peters aitekeleze hukumu. Alieleza ya kuwa baraza la jimbo likiwa na uwezo wa kufuta hukumu za mahakama ya taifa, basi katiba yenyewe itakuwa mzaha.

Gavana Simon Snyder akapeleka askari wa jimbo chini ya jemadari Michael Bright kuizunguka nyumba ya mabinti wale. Ofisa wa mahakama alipokuja na waraka wake alizuiwa kwa singe. Akatangaza ya kuwa atawaita raia 2,000 wamsaidie. Gavana akamwandikia Rais James Madison amsaidie. Madison akajibu ya kuwa kazi ya Rais ni kuona sheria inatimizwa, si kuizuia. Fikirini jambo hili: kwa ajili ya merikebu moja ndogo, jimbo na taifa walikuwa wamekaribia kupigana.

Lakini siku ya 15 Aprili 1809 ofisa yule aliwakwepa walinzi, akaingia kwa nyuma, akamkamata Bibi Sergeant. Jimbo likasalimu amri. Baraza lake lilikuwa limekwisha kutenga dola 18,000 kwa shauri hili, na Olmsted akalipwa. Bright na wenzake walihukumiwa kwa kuizuia mahakama, kisha Rais Madison akawasamehe. Mzee Olmsted akaishi hata mwaka 1845.

Vita vya kuteka kwa hati vimepita. Mwaka 1856 mataifa mengi yalipatana huko Paris kuviacha, na ijapokuwa Marekani haikutia sahihi, desturi hiyo ilikufa. Lakini sisi twaona habari hii ina neno kwa kila mahali watu wanapogawana kitu walichokipata pamoja, kiwe nyara, au urithi, au mazao ya shamba la ushirika. Mwenye nguvu hapendi kuambiwa na mwingine kipimo cha fungu lake. Naye akiwa ndiye mdai, na ndiye hakimu, na ndiye mwenye askari, mnyonge atapewa robo na kuambiwa ashukuru. Wale mabaharia wanne waliishinda merikebu kwa usiku mmoja. Kuipata haki ya merikebu hiyo kulichukua miaka 30 na zaidi, kwa sababu ilipasa kwanza iwepo mahakama ambayo hata serikali ya jimbo itaitii. Tusiwasifu walioichelewesha haki; tumsifu aliyeendelea kuidai pasipo kushika silaha tena, na tuwasifu waliokubali mwishoni kushindwa na sheria kuliko kushinda kwa bunduki.